Nani Ampe Jina Mtoto wa Kwizari?

Haya, sogeeni karibu. Mwenye sikio alitege, na mwenye jibu alifungie mdomoni kwanza, maana nawajua: mnapenda kuamua kesi kabla haijasomwa.

Huko Upare wa milimani, kwenye kitongoji cha Kwizari, walikuwapo watu watatu wenye maneno. Mwalimu Senzota, mstaafu, maneno yake yalikuwa kwenye kalamu. Akiandika barua, hata karani aliyenuna huisoma mpaka mwisho. Kiondo, yake yalikuwa redioni. Alitangaza mpira kwenye redio ndogo ya tarafa, na akipiga kelele za goli, vijana waliruka hata kama timu iliyofungwa ni yao. Tumsifu, msusi, hakuwa na kalamu wala redio. Alikuwa na Kipare cha mabibi, kile cha zamani, ambacho sisi wengine tukikisikia tunatabasamu tu kama tumeelewa.

Na alikuwapo Nakijwa, mwenye mimba ya miezi minane. Kisa hiki ni chake.

Asubuhi moja alikuwa akichuma majani ya kunde kwenye shamba lao, mlimani juu ya nyumba, mguu ukazama kwenye ufa. Ulikuwa mwembamba, lakini ulikatiza mlima kutoka shamba lao hadi la mwisho. Kesho yake mkono mzima ukaingia hadi begani. Keshokutwa yake akatumbukiza mpini wa jembe, haukugusa chini. Nakijwa akaogopa, akamwambia mumewe, Sekiete, kwamba wahame.

"Mlima huu uko hapa tangu enzi za babu," Sekiete akajibu. "Tangawizi yenyewe haijachimbwa. Nihame niende wapi?"

Akamwambia mama mkwe. Bibi akaonyesha kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. "Na huyu nimwachie nani?"

Nakijwa angeweza kurudi kwao peke yake. Lakini kila alipofunga nguo zake, alimwona bibi ameketi mlangoni, mikono magotini, na miguu ikakataa kutoka. Alimpenda mama mkwe wake, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Basi akawaendea wale watatu.

Mwalimu Senzota alipanda mlimani na kamba, akapima siku nne. Akaandika urefu wa ufa, akaandika umepanuka kiasi gani, akaandika kuwa kaya kumi na tisa ziko chini yake. Hakutia chumvi hata punje, akaituma barua wilayani. Baada ya siku tatu jibu likaja na mhuri: shule iliyo ng'ambo ya bonde ifunguliwe ipokee watu, na malori mawili yafike Jumamosi kuwahamisha. Tangazo likabandikwa dukani. Watu wakalipita wakienda kununua sukari.

Nakijwa alitaka kulia. Malori yakikuta watu wamejikalia, si yatarudi matupu?

Kiondo akalibandua tangazo, akaenda nalo redioni. Alisubiri mapumziko ya mechi kubwa, saa ambayo hakuna kijana wa Kwizari anayethubutu hata kwenda chooni. "Wasikilizaji, Jumamosi malori yanakuja, kwa sababu Jumapili mlima wa Kwizari unashuka. Narudia, Jumapili. Kijana atakayekutwa amekumbatia tangawizi, nitamtangaza kwa jina lake na la baba yake!"

"Hiyo Jumapili umeitoa wapi?" Nakijwa alimuuliza baadaye.

"Shemeji, ukimwambia mtu hatari itakuja siku yoyote, atakwambia basi tuonane kesho."

Jioni hiyohiyo Sekiete aliweka jembe chini, akaanza kung'oa mabati. Wenzake nao wakaanza. Waliobeba wagonjwa, waliobeba wazee mgongoni, wote walikuwa vijana wa redio ya Kiondo.

Lakini bibi hakuinuka. "Redio inalijua kaburi la mume wangu?" Sekiete hakuthubutu kumbeba mama yake kwa nguvu. Nakijwa akasema hamwachi bibi. Sekiete akasema hamwachi Nakijwa.

Jumamosi asubuhi Tumsifu akafika na kitana. Akafumua nywele za bibi na kuanza kusuka, wakizungumza Kipare chao. Hakutaja ufa, hakutaja mhuri, hakutaja Jumapili. Aliuliza marehemu alikuwa anachekaje, na alimposaje bibi. Bibi akasimulia, akacheka, kisha akalia. Tumsifu akamaliza msuko wa mwisho.

"Mjukuu akizaliwa, haya atasimuliwa na nani?"

Bibi akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Kisha akachota udongo wa kaburini, akaufunga kwenye pindo la kanga, akauliza lori liko wapi.

Jumapili ikapita, mlima umetulia tuli. Vijana wakamtukana Kiondo. Jumatatu saa tatu asubuhi, wawili wakiwa wameshashika majembe warudi, mlima ukashuka. Nyumba, tangawizi na kaburi, vyote vikafukiwa. Hapakuwa na mtu hata mmoja chini.

Wiki hiyo Nakijwa akajifungua mtoto wa kike kwenye darasa la pili. Bibi akampakata, akasema, "Jina la mjukuu ni haki yangu. Safari hii nakupa wewe, uliyekataa kuniacha. Kati ya wale watatu, chagua mmoja ampe jina, naye awe ndugu wa nyumba hii. Mmoja tu."

Wakaitwa.

"Bila barua yangu hakuna shule wala lori," alisema Mwalimu. "Na mimi nilisema kweli tupu."

"Kweli yako ilisomwa na inzi pale dukani," alisema Kiondo. "Mimi ndiye niliyewainua watu."

"Lakini siku uliikosea, Kiondo."

"Nilikosea siku. Watu sikuwakosa."

Tumsifu alikuwa akitazama chini. "Mimi sikumpa bibi habari yoyote ya mlima. Ila najua asingetoka, na Nakijwa asingetoka."

Nakijwa akamtazama mwanawe. Iko siku mtoto huyu atauliza, "Mama, jina langu nilipewa na nani, na kwa nini yeye?" Nakijwa anataka amjibu bila kuinamisha macho.

Mpaka mimi naaga pale shuleni, mtoto alikuwa bado anaitwa "mtoto" tu. Haya, sasa fungueni midomo. Anyonyeshaye anasubiri: je, wewe ungemwita nani aje kumpa jina, na siku mtoto akikuuliza, ungemwambia nini?