Bi Pimbi na Mrekebishaji Mkuu wa Tabia

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa mwamba. Juu ya mwamba nani?"

"Watoto watundu!"

"Na chini yake?"

"Anayewatamani!"

Naam. Bi Pimbi alikuwa na mwana, Kivuruge. Akinyimwa jani, hung'ata. Akikatazwa, hujibwaga chini akagaragara, wiii, wiii! Basi Baraza la Wanyama likakaa, likanywa uji, likaazimia kila mtoto mtundu apelekwe kwa Fisi, Mrekebishaji Mkuu wa Tabia.

Asubuhi moja Fisi akapanda mwambani, mate yanamchuruzika.

"Bi Pimbi, nimemfuata mgonjwa."

"Mwanangu haumwi, anauma tu. Wale wana wa Digidigi uliwafanya nini?"

"Wametulia, shemeji! Tangu waingie pangoni kwangu hakuna aliyelia. Baraza zima limenisifu."

Damu ikamchemka Bi Pimbi. Watoto hawakurudi, na wazee wazima wakapiga makofi! Hata mmoja hakuuliza ile mifupa mipya pangoni ni ya nani. Lakini Kivuruge alikuwa amemng'ang'ania mguu, basi mama akaimeza hasira.

"Haya, Bwana Mrekebishaji. Ila tiba ya nyumbani kwanza. Kaa utazame."

"Nipe mtoto!" Fisi akanguruma.

Geu! Ukoo mzima wa pimbi ukampa mgongo. Kimya.

"Nipe mtoto, nasema!"

Migongo. Kimya.

Fisi akachoka, akanyamaza, akarudi nyuma hatua moja. Hapo hapo wakamgeukia: "Mzuri huyooo!" Na mfupa alioacha Chui wakamtupia, pwaa! mbele yake.

Akautafuna, kwacha, kwacha. Akarudi nyuma tena, safari hii makusudi.

"Mzuri huyooo!" Pwaa! Kwacha, kwacha.

Akifoka, migongo. Akirudi nyuma, mfupa. Mrekebishaji Mkuu akawa anachekelea kama mtoto anayenyonya.

"Sasa hatua moja, Bwana, kubwa kuliko zote!"

Akaipiga. Nyuma yake mwamba uliishia kwenye genge refu. Poromoko, poromoko, pu!

Kivuruge, aliyekuwa ameduwaa muda wote, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na mimi nimenyamaza. Sipewi jani?"

Akapewa, na sifa juu yake.

Ngano imefika ukingoni: tamu yake chukueni, chungu yake lipelekeeni Baraza. Na funzo, enyi wazazi, ni hili: mtoto harekebishwi kwa sifa na zawadi, hata siku moja. Fisi alirekebishwa hivyo, na tazameni alivyoharibika.