Mwanamke wa Njia ya Monasteri

Mtu mmoja alikuwa na nadhiri. Aliitwa Gyaltsen, mfanyabiashara wa sufu. Alipokuwa mahututi aliahidi kwamba akipona atapanda hadi monasteri ya Wabudha iliyoko juu milimani, mahali ambapo theluji haiyeyuki, akasali humo. Akapona. Kiangazi kilipofika akakodi gari na dereva, akaanza safari.

Njia ile ilikuwa mawe matupu, imechongwa ubavuni mwa mlima, na upana wake ulitosha gari moja tu. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo refu kiasi kwamba mto uliopita chini yake ulionekana kama uzi. Siku ya tatu wakakuta kifusi kimeziba njia. Juu ya kifusi alikuwapo mwanamke mmoja, amejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, anang'oa mawe kwa mtaimbo. Wenzake wa kazi ya barabara walikuwa wameshuka kwenye poromoko jingine. Yeye alikuwa peke yake pale tangu alfajiri.

Gyaltsen akakaa garini akimtazama. Mwanamke aling'oa jiwe, akalisukumia korongoni, akageukia jingine, bila pupa na bila kupumzika. Mchana njia ikapatikana, nyembamba. Mwanamke akatangulia mbele ya gari, akatembea kinyumenyume kwenye ukingo, macho yake kwenye gurudumu, akimwongoza dereva kwa mkono. Walipofika katikati udongo ukameguka, gurudumu likaning'inia. Yule mwanamke hakukimbia. Alipiga magoti akasukuma jiwe chini ya gurudumu kwa mikono yake miwili. Gari likainuka, likapita. Jiwe likamponda vidole.

Gyaltsen akashuka, akamsihi apande garini, watawa wakamtibu. Mwanamke akatikisa kichwa, akaonyesha bondeni. Gari jingine lilikuwa linapanda. Akafunga vidole vyake kwa kile kitambaa, akaokota mtaimbo.

Kesho yake Gyaltsen akafika. Monasteri ilikuwa nyeupe, imeng'ang'ania mwamba, na ndani yake taa za siagi zilikuwa zinawaka na watawa wanaimba kwa sauti nzito iliyotikisa kifua. Moyo wake ulijaa. Akapiga magoti mbele ya mkuu wa monasteri, mzee wa miaka mingi, akamsimulia yote: korongo, gurudumu, ushujaa wa yule mwanamke. Alisimulia huku machozi yakimtoka, maana hakuwahi kuona mtu wa namna ile.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Anaitwa nani, mwanangu?"

Gyaltsen hakuwa amemwuliza.

Akasali, akatimiza nadhiri yake. Alikuwa amepanga kukaa siku saba, lakini kulipokucha aliteremka pamoja na mtawa mmoja aliyejua kutibu. Wakamkuta mwanamke palepale, mkono mmoja ameufunga, na huo mwingine unafanya kazi.

"Mama, nisamehe," Gyaltsen akasema. "Niliondoka bila kukuuliza jina."

"Angmo," akajibu, mtawa akimfungua kidonda. "Basi shika huo mtaimbo, bwana. Kuna watu wanakuja."

Akaushika, na siku zake sita zilizobaki akazimalizia pale.

Nanyi mliofika hapa leo kusali, kila mmoja wenu amepita njia. Aliyewafungulia anaitwa nani?