Radhi ya Mchoma Chokaa

Tumepokea kwa waliotutangulia, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa mwambao, zama za kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, palikuwa na desturi ambayo leo haipo tena. Msikiti mpya ulipokamilika haukuswaliwa papo hapo. Ijumaa ya kwanza, kabla ya adhana, imamu alisimama mbele ya mihrabu akawaita mmoja mmoja wote waliotia mkono katika kazi: mkata mawe, mchoma chokaa, seremala, mchimba kisima, na mwisho kabisa fundi mkuu. Kila mmoja aliulizwa swali moja tu, "Umeridhika?" Akijibu kwamba ameridhika, aliketi safuni. Wote wakishajibu, muadhini aliadhini.

Wazee wa mji waliiweka desturi hiyo kwa sababu waliogopa kusujudu juu ya haki ya mtu. Lakini miaka ilipita, na swali likawa la mdomoni na jibu likawa la mdomoni. Watu walisema "Nimeridhika" kama wanavyosema "Sijambo" hali homa inawachoma.

Basi mfanyabiashara mmoja wa nguo, Bwana Mahazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliweka nadhiri ya kujenga msikiti. Alikuwa mtu mzima, mgonjwa wa kifua, na hakutaka mengi zaidi ya kuswali humo walau Ijumaa moja kabla hajaitwa na Mola wake. Kazi yote alimkabidhi Fundi Shekue.

Fundi Shekue alikuwa amejenga misikiti kumi na mmoja, na hakuna ukuta wake hata mmoja uliopinda. Aliswali kwa wakati, alifunga Jumatatu na Alhamisi, na hakuna aliyemjua kwa wizi. Nayasema haya mapema ili msomaji asimtafutie pembe kichwani. Alikuwa mtu kama wewe na mimi.

Wakaafikiana kwamba malipo yatolewe kwa mafungu matatu: la kwanza msingi ukichimbwa, la pili kuta zikifika kimo, na la tatu siku ya radhi, baada ya mafundi wote kujibu. Fundi naye akawagawia wenzake kazi, kila mmoja kwa ujuzi wake. Chokaa alimpa Bwanaheri.

Huyu Bwanaheri alikuwa na tanuu ya kuchomea chokaa nje ya mji na watu sita wa kumsaidia. Wanne walivunja matumbawe, mmoja aliteka maji, na wa sita, Mzee Kupi, alikata kuni za mikoko, maana hakuna moto unaofaa chokaa kama wa mikoko. Ilikuwa kazi ya kukausha macho na kuchubua mikono. Bwanaheri aliichoma chokaa, akaizima kwa maji, akaifukia ardhini miezi ipate kuiva, kisha akaipeleka msikitini yote, pasipo kupungua pishi. Walikubaliana na Fundi kwamba ujira wake utatoka katika fungu la pili.

Kuta zikafika kimo. Bwana Mahazi akalipa fungu la pili siku ile ile, mbele ya mashahidi. Fedha hizo hazikufika kwenye tanuu.

Fundi alikuwa na binti aliyeposwa, na kwa ada ya mji ule baba humjengea bintiye chumba cha ghorofa juu ya nyumba yake kabla ya ndoa. Watu wa mchumba walikuwa wanaharakisha. Fundi akazichukua fedha za chokaa akanunulia boriti na mawe ya ghorofa ya binti, akijiambia kwamba anaazima tu, atazirudisha fungu la tatu likitoka. Hakujiambia kwamba anadhulumu. Hakuna anayejiambia hivyo.

Bwanaheri alipokwenda kuuliza, Fundi alimpokea kwa heshima, akamkaribisha kahawa, akasema, "Ndugu yangu, hii ni nyumba ya Mola Mtukufu. Subiri, na subira yako haitapotea kwake." Wako watu wanaolipenda sana neno subira, maadamu anayesubiri ni mwingine. Bwanaheri akasubiri mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu akauza punda wake wawili waliokuwa wakibeba matumbawe, akawalipa watu wake nusu ya haki yao. Nusu iliyobaki hakuwa na cha kuuza.

Ilipofika Alhamisi ya kuamkia siku ya radhi, Fundi alimfuata Bwanaheri kwenye tanuu baada ya swala ya alasiri.

"Kesho utaulizwa," alisema.

"Najua nitaulizwa."

"Sema umeridhika, ndugu yangu. Bila ya neno lako fungu la tatu halitoki, na lisipotoka sitakuwa na cha kukulipa wewe wala mwingine. Ukiisha kuswali Ijumaa, njoo kwangu kabla ya alasiri."

"Fundi, unanitaka niseme uongo mbele ya mihrabu ili nilipwe?"

"Si uongo. Ni kutanguliza neno."

Bwanaheri hakumjibu. Akarudi kwenye moto wake, na Fundi akaondoka akidhani kwamba kunyamaza ni kukubali.

Kesho yake, kabla ya adhana ya Ijumaa, msikiti ulijaa. Bwana Mahazi aliletwa kwa kitanda cha kamba akawekwa safu ya mbele. Imamu, Sheikh Nurdini, akamwita mkata mawe, akaridhika. Akamwita seremala, akaridhika. Akaitwa Bwanaheri, akasimama, akautazama ukuta mweupe alioutolea jasho, na watu wakaanza kukohoa.

"Umeridhika?" imamu aliuliza mara ya pili.

"Ujira wangu mimi, Sheikh, nimeusamehe tangu asubuhi, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," alisema Bwanaheri. "Lakini chokaa hii tumeichoma watu saba. Haki ya wale sita iko katika dhima yangu, na siwezi kusamehe kisicho changu. Sijaridhika."

Mji ule haukuwahi kulisikia neno hilo. Sheikh Nurdini akamgeukia Fundi, naye akasema kwamba ni hesabu ndogo baina yao, itakwisha. Bwana Mahazi akajiinua kwa kiwiko.

"Kama ni fedha, nitalipa mimi tena," alisema. "Muadhini aadhini."

"Bwana wangu, wewe umekwisha kulipa," Bwanaheri alimjibu kwa upole. "Nikipokea kwako mara ya pili, nitakuwa nimeitoa dhuluma shingoni mwa mwingine nikaivaa mimi."

Sheikh Nurdini naye alikuwa binadamu, na ilimuuma kumwona mgonjwa yule akirudishwa nyumbani bila kuswali. Lakini aliogopa zaidi lile alilolisikia. Akafunga mlango wa msikiti mpya, na jamaa wakarudi kubanana katika msikiti wa zamani.

Sasa ndipo mtihani ulipomwangukia aliyesema kweli. Sokoni hawakumwitikia salamu. Walisema kuna mtu amefunga nyumba ya Mungu kwa ajili ya vijisenti, na kwamba mgonjwa akifa na nadhiri yake kifuani, mwenye dhambi anajulikana. Fundi hakuyasema hayo, lakini hakuyakanusha.

Mke wa Bwanaheri, Bi Mwanajabu, alirudi siku moja na kikapu kitupu kwa sababu mwenye duka alikataa kumuuzia. Alikiweka chini, akaketi.

"Mume wangu, ni neno moja tu," alisema.

"Ni moja."

"Na ukilisema haya yote yanakwisha."

"Yanakwisha kwetu sisi. Kwa Mzee Kupi je?"

Bi Mwanajabu alimjua mke wa Mzee Kupi na hali ya chungu chake. Akasema, "Basi usiliseme. Lakini usidhani mimi ni wa chuma."

Haikupita wiki wale watu sita wenyewe wakaja kwenye tanuu. Walikuwa wamechoka kutazamwa kwa jicho baya. Wakasema wanasamehe, na wamemruhusu akajibu kwa niaba yao. Bwanaheri aliwashukuru, lakini akamshika mkono kila mmoja na kumuuliza kama imamu anavyouliza. Watano wakasema ndiyo. Mzee Kupi akatazama mikono yake.

"Nitasema ndiyo, mwanangu, ukitaka," alisema. "Ila nikisema ndiyo, tumbo langu litasema siyo, na sijui Mola atamsikiliza nani."

"Basi usiseme, baba," Bwanaheri alisema, na mambo yakabaki vile vile.

Ijumaa ya pili ikapita, na ya tatu. Kwa Bwana Mahazi habari zikawa mbaya. Fundi Shekue alipokwenda kumjulia hali, mgonjwa alimuuliza jambo moja tu, kama sakafu ya juu ya msikiti, ile iliyo paa lake, haijapasuka.

Swali hilo lilimshtua Fundi. Kila mjenzi anajua kwamba sakafu ya chokaa ikiisha kupigwa haiachwi. Humwagiwa maji kila siku majuma kadhaa, ikauke polepole, na ikikaukia juani bila maji hupasuka, na mvua ya kwanza itamvujia aliye chini. Kwa fadhaa ya mambo yale Fundi alikuwa amesahau kumweka mtu wa kazi hiyo. Karibu wiki tatu za jua kali zilikuwa zimepita. Akatoka mbio mbio na joho lake mkononi, akijua anakwenda kuiona kazi ya mwaka mzima imeharibika.

Alipanda ngazi ya nje. Sakafu ilikuwa nzima, baridi, inang'aa kwa maji. Kwenye pembe yake aliinama Bwanaheri, mtungi begani, akimwagia taratibu kama amwagiavyo mtu miche.

Fundi alisimama hapo mpaka pumzi ikamrudia.

"Nani amekuajiri kazi hii?" aliuliza.

"Hakuna."

"Umeanza lini?"

"Tangu Jumamosi ile, kesho yake mlango ulipofungwa."

"Unamwagia maji chokaa ambayo sijakulipa?"

"Chokaa haijui kama nimelipwa, Fundi," alisema Bwanaheri. "Isiponyweshwa itapasuka. Na hawa wanaoteta nami sokoni ndio watakaoswali chini yake."

Akachukua mtungi mwingine akaendelea. Hakulaumu, wala hakukumbusha deni. Wasimulizi wanasema Fundi angekuwa na nafuu lau angetukanwa. Aliketi palepale kwenye ngazi, mtu mwenye misikiti kumi na mmoja, akalia kwa haya. Alikuwa amemhubiria subira mtu ambaye alikuwa anaijua kuliko yeye.

Siku ile ile aliziuza boriti na mawe ya ghorofa, tena kwa hasara, maana mnunuzi akijua una haraka hakuhurumii. Akaenda kwa wakwe akawaambia ukweli wote bila kupunguza: binti ataolewa katika chumba cha chini, na mwenye kutaka ghorofa asubiri. Hapo neno subira likawa zito kinywani mwake kwa mara ya kwanza. Watu wa mchumba walinung'unika, lakini ndoa haikuvunjika. Kisha akapita kwa wale sita, nyumba kwa nyumba, akampa kila mmoja haki yake mkononi na kumwomba radhi. Kwa Mzee Kupi alikaa mpaka chungu kikaiva, akala nao.

Kwa Bwanaheri alikwenda mwisho. Bwanaheri alisema wake alikwisha kuusamehe, na harudi nyuma. Fundi hakubishana naye. Asubuhi, punda wawili walikutwa wamefungwa kwenye tanuu, wale wale waliouzwa, na hakuna awezaye kubishana na punda.

Ijumaa ya nne watu wakajaa tena. Bwana Mahazi aliletwa, safari hii hakuweza kujiinua. Sheikh Nurdini akamwita Bwanaheri, naye akasimama na wale sita, akamwuliza kila mmoja mbele ya watu. Alipofika kwa Mzee Kupi, mzee akacheka kidogo, akasema, "Leo tumbo na ulimi vinasema mamoja." Bwanaheri akamgeukia imamu. "Nimeridhika," alisema.

Akaitwa Fundi Shekue wa mwisho. Watu walitaraji jibu la haraka, maana jua lilikuwa limepinduka. Fundi akasimama akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa msikiti huu nimeridhika," alisema. "Lakini niko nyuma kwa misikiti kumi na mmoja. Humo nilisikia watu wakilisema neno hili, na sikuwatazama nyuso. Naomba ruhusa, nikiswali, niende nikawatazame."

Muadhini akaadhini. Bwana Mahazi aliswali kwa ishara ya macho, akalipa fungu la tatu kwa mkono wa mwanawe, na hakuiona Ijumaa iliyofuata. Fundi Shekue akashika njia. Ilimchukua miaka miwili, na hakujenga kitu katika miaka hiyo. Aliowakuta hai aliwalipa, na waliokufa aliwatafuta warithi wao. Wanasema katika msikiti wa saba alimkuta mchimba kisima aliyekwisha kuwa kipofu, akajitaja jina. Kipofu akamjibu, "Umechelewa, Fundi, lakini umekuja," akanyoosha mkono.

Ndugu zangu, sisi leo tuna mikataba yenye mihuri. Mwenye jengo anamlipa mkandarasi, na mkandarasi anamwambia fundi wa rangi, wa mabomba na wa vigae, "Sijalipwa, kuwa na subira," huku gari lake jipya limeegeshwa kivulini. Hakuna imamu anayetuita mbele ya mihrabu kabla ya kuhamia nyumba zetu. Lakini swali halikufutwa. Limeahirishwa tu, na siku litakapoulizwa watakaojibu ni waliochoma chokaa, nasi hatutakuwa na boriti za kuuza. Mola Mlezi atuwezeshe kuzitazama nyuso zao tungali hapa.