Mluzi wa Langoni

Fiii! Kila usiku wa manane mluzi mmoja mrefu ulilia langoni kwa Mzee Mwaipaja, naye alijibu kutoka kitandani, "Nimekusikia, Anyelwisye!" kisha akalala fofofo. Kwa miaka minne mlinzi wake, aliyejifunika koti na shali hadi puani kwa baridi ya Tukuyu, hakukosa hata usiku mmoja.

Asubuhi moja mzee alimsaili msichana aliyeomba kulinda ghala lake la chai.

"Binti, wasifu wako unasema umelinda miaka minne. Nimeuliza kampuni zote za hapa, hakuna inayokujua. Umedanganya."

"Sikulinda kampuni, mzee. Nililinda nyumba ya tajiri mmoja."

"Mtaje."

"Nikimtaja atakana."

"Basi utamtajia polisi."

"Na akikiri mwenyewe, mbele ya karani wako?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Akikiri, kazi ni yako leo hii. Karani, andika!"

Karani aliandika. Msichana alingoja kalamu itue, akatia vidole viwili mdomoni.

Fiii!

"Nimekusikia, Anyelwisye!" mzee aliitikia kabla hajajijua.

Karani akaandika na hilo.

"Anyelwisye ni baba yangu," alisema msichana. "Miguu ilimwisha nguvu wiki ya kwanza ya kazi. Koti ni lake, mluzi ni wangu."

Mzee aliuvuta ule wasifu, akatazama jina kwenye mstari wa juu kabisa, ambao hakuwa amejisumbua kuusoma.

"Nimekusikia," alisema taratibu, "Atuganile."