Kocha Twiga na Mfupa wa Golini

Mwaka ule jua lilikunywa mito yote ya nyika, likabaki linalamba mawe. Maji yakasalia mahali pamoja tu, bwawa la Simba, na Simba unamjua: hata kiu ya wenzake lazima ipambwe na sifa zake. Akapanda juu ya jiwe, akatikisa manyoya ya shingo, akasema, "Sitaki fujo bwawani kwangu. Chezeni mpira. Atakayeshinda anywe asubuhi, maji yakiwa bado meupe. Atakayeshindwa anywe jioni, matope yakishakorogwa. Na kabla ya kila mechi, nisifiwe."

Zikapatikana timu mbili. Huku Nyumbu, wengi kama siafu, mbio zao hazina breki. Kule wanyama wa kuokotezana: Swala, Ngiri, Nungunungu, na Sungura akiwa winga. Hao wakajiita Migunga, maana mgunga ndio mti pekee uliokuwa umebaki na kivuli. Kocha hawakuwa naye. Ndipo Twiga akarudi.

Twiga huyo alikuwa mshambuliaji, tena si wa kubahatisha. Alivuka mto na milima mpaka nchi ya Majogoo, kwenye baridi, akafunga mabao ya kichwa hata Majogoo wakawa wanawika jina lake badala ya kuwika alfajiri. Goti lilipomsaliti akastaafu, akarejea nyumbani na skafu shingoni. Skafu, kwenye jua la utosi! Na skafu ya Twiga si mchezo, ilimzunguka mara kumi na nne. Tena alikuwa amejifunza salamu za huko, za kubusu mashavu mawili, na mpaka atanue miguu ya mbele akuinamie, wewe umeshachoka kusubiri. Mke wa Ngiri alibusiwa siku ya kwanza, akakaa siku tatu bila kunawa uso. Alisema ni uhaba wa maji. Haya.

Kocha akapewa timu, na timu ilikuwa na Kamati ya Ufundi. Ufundi wenyewe si wa mpira. Ni ule wa hirizi, mizizi na mafusho. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Fisi, na wanakamati wote walikuwa Fisi huyohuyo.

"Kijana wangu Twiga," alimkaribisha, "wewe fundisha miguu, mimi nitafundisha bahati. Masharti yangu ni madogo. Siku ya mechi mchezaji asiguse maji toka alfajiri, ila kibuyu chake cha maji aniletee mimi nipikie dawa. Kiwanjani waingie kinyumenyume, kwa kuruka ua wa miiba. Na mfupa mmoja mnono, nikauzike kwa siri golini mwa adui."

"Huko kwa Majogoo hatukufanya hivyo, Mzee."

Fisi akacheka kile kicheko chake. "Huko kwa Majogoo ulifungia nini? Si hirizi niliyokufunga mguuni ungali mdogo? Mabao yako yote, mwanangu, yametoka kwenye mkoba wangu. Nikiufunga, utabaki shingo tupu."

Twiga akatazama mguu wake. Chini ya goti lake bovu palikuwa na kifundo cheusi kimefungwa kwa kamba, na kila mtu alikijua. Mwenyewe alikuwa na siri yake juu ya kifundo hicho, siri iliyomkaa kooni, na koo la Twiga ni refu.

Basi wakacheza mechi tatu, wakafungwa tatu. Kila mara kipindi cha kwanza walicheza vizuri, kipindi cha pili ndimi nje, miguu imejaa miiba, Nyumbu wanapita kama barabarani. Jioni wakanywa matope. Vitoto vya Swala vikaanza kukohoa mchanga. Na midomo, je? Midomo haikaukiwi hata mwaka wa ukame. "Kufunga alijua, kufundisha hajui." "Skafu imembana akili." Fisi ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote, huku tumbo lake likicheza maji kama mtungi uliojaa.

Simba akamwita Twiga. "Imebaki mechi moja. Atakayeshinda hiyo anayo asubuhi mpaka mvua inyeshe. Ukifungwa, utarudi kwenye baridi yako. Na shingo yako iteremshe unapozungumza nami. Hapa aliye juu ni mimi."

Twiga akaenda kujilaza chini ya mgunga, kichwa kikiwa kizito kwa mara ya kwanza maishani. Usingizi ukamchukua. Alipoamka, Sungura alikuwa ameketi karibu na goti lake, anatafuna.

"Kocha," Sungura alisema, "usikasirike. Nimeila hirizi yako."

"Umefanya nini?"

"Nilitaka kuonja tu. Lakini Kocha, ile si dawa. Ni gome la mgunga. Nimezaliwa chini ya mgunga, hunidanganyi."

Twiga akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha kichwa mpaka sikioni mwa mwenzake. "Ya kweli ilisombwa na mto siku ile ninavuka kwenda kwa Majogoo. Nikaona aibu. Nikafunga gome ili watu wasijue."

"Siku ile ile ya kwenda?"

"Siku ile ile."

"Na huko ulifunga mabao mangapi?"

"Mia na mbili."

Sungura akatema kamba. "Mia na mbili kwa gome la mgunga! Basi sisi kiangazi chote hiki tunakosa maji kwa ajili ya nini, Kocha wangu?"

Twiga akaitazama ile kamba. Kisha akaanza kucheka, na wanaojua wanasema hakuna aliyewahi kumsikia Twiga akicheka kabla ya hapo. Akanyanyua shingo yote, na kule juu akaona jambo ambalo wa chini hawalioni: nyuma ya kichuguu, Fisi anapokea vibuyu vya maji kwa nahodha wa Nyumbu.

"Sungura."

"Naam, Kocha."

"Mwenyekiti wetu ana timu mbili."

"Tumbo lake ndilo moja," alisema Sungura. "Niachie mimi."

Siku ya mechi Migunga waliamka wakanywa maji yao mpaka tone la mwisho, vibuyu wakavijaza mchanga, wakaviziba vizuri na kumpelekea Fisi kwa adabu. Kisha, mbele ya Simba na umati wote, Sungura akaburuta mfupa wa paja. Ulitoka mezani kwa Simba. Paja la nani, usiulize. Ulikuwa mnene, na uboho ukichungulia.

"Mzee Fisi," Sungura akasema kwa unyenyekevu, "leo tunataka ufundi wa hadharani. Uzike hapa, katika goli watakalolinda Nyumbu kipindi cha pili. Na utusomee kiapo."

Mate yakamtoka Fisi, akayafuta. Umati ulikuwa unatazama, angefanyaje? Akauzika, kila konzi ya udongo ikimuuma. "Atakayeufukua kabla ya kipenga cha mwisho," akatamka, "ni msaliti, na asinywe bwawani hata asubuhi, hata jioni."

"Nimesikia," alisema Simba, ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuimbwa, kwa hiyo alikuwa na furaha.

Migunga wakaingia kwa mlangoni, uso mbele. Nyumbu wakafunga bao la mapema, Swala akarudisha. Kipindi cha pili kikafika, na Nyumbu wakangoja ndimi za wenzao zitoke. Hazikutoka. Ngiri anakimbia, Nungunungu anakaba, na nani wa kumkabili Nungunungu kwa kifua?

Twiga alisimama pembeni ya mstari. Krosi ilipopita juu, shingo yake ilipiga kichwa hewani yenyewe. Mguu mmoja ukaingia kiwanjani. Akaurudisha. "Si wako tena, mzee," akajiambia. "Mpira huu ni wa watoto." Akamwita Sungura kwa sauti: "Usiufukuze mpira! Simama pale utakapotua!"

Fisi naye alikuwa nyuma ya goli la Nyumbu, ameketi na vibuyu vya Migunga, maana vya Nyumbu alikwisha kuvimaliza. Kiu ikambana. Akafungua cha kwanza: mchanga. Cha pili: mchanga. Akafungua vyote, vyote mchanga. Njaa na kiu zikakutana tumboni, zikapeana mikono. Na upepo, ule upepo mbaya, ukamletea harufu ya uboho. Akajivuta kidogo. Dakika zilikuwa zinakwisha, macho yote yako mpirani. Nani angemwona? Akajivuta tena.

Swala akapiga krosi. Kipa wa Nyumbu alikuwa amejitayarisha vizuri, miguu imetanuka, macho mpirani, mara akasikia kitu kinachimba katikati ya miguu yake.

"We mzee!" akageuka. "Unafanya nini chini yangu?"

Sungura alikuwa amesimama pale pale mpira ulipokuja. Masikio yakaugusa, ukapita juu ya mgongo wa kipa, ukatua wavuni. Kobe, mwamuzi, akapuliza kipenga cha mwisho, na kwa kuwa Kobe hana haraka, kilisikika wote wakiwa wamekwisha kumwona Fisi, mfupa mdomoni, udongo puani.

Nahodha wa Nyumbu akaruka mbele ya Simba. "Bao la wizi! Fisi ni mtu wao!"

Twiga akamwinamia taratibu. "Ni mtu wetu kweli, ndugu yangu?"

"Awe mtu wenu vipi," Nyumbu akafoka, "na sisi tumempa vibuyu sita ili mfungwe!"

Uwanja ukatulia hata ukasikia jua. Nahodha akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshakwenda malishoni.

Simba akacheka mpaka akasahau kujitukuza. "Bao ni bao. Migunga wana asubuhi mpaka mvua. Na mwenye kiapo ashike kiapo chake."

Kuanzia hapo Fisi akanyimwa bwawa, akawa analamba umande kwenye majani, mkia umebanwa. Nyumbu hawamtaki, Migunga hawamtaki. Timu ikaimba jina la Sungura kutwa nzima, wala si la kocha, na Twiga akagundua haikumuuma. Alivua skafu, akavigawia vitoto vya Swala vifungie mpira wa matambara, na ikabaki. Kisha akamwinamia mke wa Ngiri, shavu la kulia, shavu la kushoto, na mama wa watu safari hii maji ya kunawa alikuwa nayo tele. Hakunawa.

Wapo watakaokwambia Fisi alipasuka msamba kwenye njia panda. Waache, hawakuwa uwanjani. Lakini wao na sisi neno ni lile lile: njia mbili zilimshinda fisi.