Kabati la Msabila

"Atakaye nafasi huanza na chake." Ndivyo alivyosema Bi Tausi jana kwenye mkutano wa mtaa, mkawasikia watu wazima wakiangua kicheko. Mwenyekiti alikuwa amewataka wenye vibanda wote wavirudishe nyuma ili njia ya zahanati ipanuke, na hakuna asiyejua kwamba kibanda kilichojitokeza kuliko vyote ni cha mwenyekiti mwenyewe. Nanyi mlicheka, wanangu, lakini naona mlicheka kwa kufuata mkumbo, ndiyo maana leo mmekuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Basi kaeni vizuri. Methali hii haikuanzia barabarani, ilianzia ndani ya nyumba, hapa hapa Tabora, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Msabila, mfanyakazi wa reli, mtu mcheshi aliyewapenda sana watu wake. Nyumba aliyokaa aliachiwa na baba yake. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, yenye ukumbi mwembamba katikati, vyumba viwili kushoto na viwili kulia, na nyuma ua mdogo wenye jiko na choo. Huko ukumbini mchana ulifanana na magharibi. Mtu akikusalimia ulimjua kwa sauti kwanza, sura baadaye.

Katika vyumba hivyo vinne, kimoja hakikulaliwa na mtu. Kililaliwa na kabati.

Nalo lilikuwa kabati haswa! Baba yake Msabila alipata mbao za mninga safi kabisa, akamwita seremala, akamwambia, "Nitengenezee kabati ambalo hata wajukuu wangu watalitaja." Seremala yule alifanyia kazi humo humo chumbani, ukuta hadi ukuta, karibu kugusa dari. Lilipokwisha ndipo watu walipong'amua kwamba limeziba dirisha lote, na kwamba haliwezi kupita mlangoni. Mzee akasema haidhuru, kwani linakwenda wapi? Likabaki. Mzee alipofariki, Msabila akalirithi pamoja na vilivyomo: sahani za maua zisizopakuliwa chakula, redio isiyosema, na koti la sare ya reli la marehemu. Kila Jumapili alilifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta, kisha akafunga mlango kwa ufunguo. Mgeni wa heshima akija, hakuanza kukaribishwa chai. Alipelekwa kwanza kulitazama kabati.

Vyumba vitatu vilivyobaki ndivyo vilivyogawanywa. Msabila na mkewe Kalunde walikuwa na chao. Mabinti wawili wadogo walilala kingine. Cha tatu, kidogo kuliko vyote, kilikuwa stoo. Mtoto wao wa kiume, Mlekwa, kijana mkubwa aliyeuza maziwa kwa baiskeli, alitandika godoro ukumbini. Ilikuwa desturi ya nyumba hiyo kwamba anayekwenda choo alfajiri huruka kwanza baiskeli, halafu humruka Mlekwa.

Mambo yakaenda hivyo, hadi binti yao mkubwa, Nyanzala, alipokuja kujifungua kwao, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa kazini Mpanda. Nyumba nzima ilijiandaa kumpokea mtoto mmoja. Wakaja wawili, Kulwa na Doto, wa kiume wote, wenye sauti za kuamsha mtaa.

Furaha iliyoingia nyumba ile haisemeki. Habari zikafika Sikonge kwa mama yake Msabila, Bibi Kabula, aliyerudi kwao tangu kufiwa, naye hakungoja kuitwa. Alishuka kwenye basi na kapu la michembe ya viazi vikavu, kapu la karanga, ndoo ya asali na mzigo wa kanga kuukuu za kuwavisha watoto. "Mapacha hawalelewi na mtu mmoja," alisema hata kabla ya kuketi. "Nitakaa mpaka washike shingo." Magunia ya stoo yakabanwa upande mmoja, bibi akapata mahali pa kulaza mbavu.

Sasa pigeni picha. Nyanzala na mapacha walilala na mabinti wawili. Nepi zilianikwa kwenye kamba ukumbini kwa sababu ya mvua. Ndoo ya asali mlangoni, makapu chini ya meza, masufuria makubwa ya shughuli ya Kalunde chini ya kitanda, na watu wakipishana ubavu ubavu wakiombana radhi. Bibi Kabula, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, aliwabeba vitukuu wake katika giza la ukumbi akiuliza, "Huyu ni Kulwa au Doto?" Akijibiwa alitikisa kichwa tu, kwa maana hakuona tofauti.

Msabila akamwita fundi Mihambo, aliyejua kujenga, kuezeka na kuranda mbao, na aliyejua kusema kuliko vyote hivyo. Akamwambia amwongezee chumba. Mihambo akazunguka nyumba. Kushoto paa liligusana na la jirani, kulia kulikuwa na njia ya watu, na uani, jiko na choo vikikaa, chumba hakina mahali.

"Mzee," alisema fundi, "labda nikujengee juu ya choo."

Walicheka, lakini Msabila alibaki na shida yake. Akaamua kwamba kama nyumba haiongezeki, basi vitu vipungue. Jumapili akapita chumba kwa chumba kama mkaguzi wa treni. Masufuria ya Kalunde yatoke. Kalunde akamkumbusha kwamba masufuria yale ndiyo yanayopika kila harusi ya mtaa. Yatoke tu. Baiskeli ya Mlekwa itoke. Sanduku la mabinti litoke. Makapu ya bibi na ndoo ya asali vitoke. Vyote vikarundikwa uani chini ya turubai.

Jioni ile mvua ikanyesha ya kuosha mapaa. Asubuhi sanduku lilikuwa limelowa, michembe imeanza kuvimba, na mnyororo wa baiskeli umepakwa matope. Nafasi yenyewe haikuonekana ilipo. Mlekwa alikuwa bado ukumbini, nepi bado ziko kichwani pake, na sasa kila mtu alikuwa na kinyongo kidogo.

Saa za alasiri, Msabila akiwa ametoka kazini, alimkuta mama yake amefunga mzigo wake kwa kanga, ameuweka miguuni, amekaa kwenye kigoda.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Nimewaona watoto, nimeridhika."

"Ulisema mpaka washike shingo!"

"Nilisema. Lakini mtu akiona makapu yake yametolewa nje, anangoja nini? Angoje na yeye atolewe?" Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Msabila.

"Mama, sikukukusudia wewe. Nilikuwa natafuta nafasi. Wewe nafasi yako ipo."

"Ipo wapi? Nionyeshe tu, nikalale."

Msabila akatazama huku na huku. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni na Doto begani. Nyanzala alikuwa nyuma yake na Kulwa. Macho ya Msabila yakatembea ukumbini hadi mlango uliofungwa kwa ufunguo. Akautoa ufunguo mfukoni, akaenda, akafungua.

Alisimama mle ndani peke yake. Mnajua, kitu ulichokizoea hukioni. Siku ile alikiona. Aliona chumba kikubwa kuliko vyote, kilichopaswa kuwa na dirisha la kupokea jua la asubuhi, na ndani yake sahani, redio na koti vimekaa raha mustarehe, huku mwanawe wa kumzaa akirukwa sakafuni na mama yake akifunga mzigo. Akaliweka paji la uso kwenye mlango wa kabati. Alimpenda sana baba yake, wanangu. Lile kabati lilikuwa ndiyo harufu ya baba yake iliyobaki.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mlekwa, nenda kamwite Mihambo. Na vile vitu vilivyo uani virudisheni ndani. Nilikosea pa kuanzia. Tuanze na changu."

"Baba Nyanzala," Kalunde alisema taratibu, "una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nataka fundi aje kabla hakika haijanitoka kabisa."

Bibi Kabula alifungua fundo la kanga yake, akaanza kutoa nguo moja moja.

Mihambo alikuja na futi yake, akapima kabati, akapima mlango, akapima tena, akaketi chini akicheka. "Huyu bwana kazaliwa humu ndani! Hana njia ya kutokea. Mzee, chagua: nilikate humu humu, au nibomoe ukuta wa ukumbini."

"Usilikate humu," Msabila alisema upesi. "Litoke zima."

"Basi nabomoa, halafu nauziba."

"Ukibomoa, fundi, usizibe," alisema Kalunde.

Wote wakamgeukia. Kalunde alimkabidhi Nyanzala mtoto, akaingia katikati ya ukumbi, akanyoosha mikono. "Tazameni. Huku ukumbi haumfai mtu, ni wa kupita tu. Huku chumba hakimfai mtu, ni cha kufungwa tu. Ukuta huu ukiondoka, tunapata sebule. Na lile dirisha likiachiwa, jua litafika mpaka mlango wa nyuma."

Mihambo akakuna kichwa, akaugonga ukuta kwa kiganja, akatazama juu. "Paa litataka boriti nene ya kulibeba. Lakini inawezekana. Hili neno mlikuwa mnanificha siku zote?"

Kazi ikaanza. Waliweka boriti kwanza, kisha ukuta ukashuka tofali kwa tofali, vumbi likawafanya wote wazee wa mvi, hata mabinti. Majirani wakaja kusaidia kulisukuma kabati. "Harambee! Mwana wa mninga, toka!" Lilitoka kwa kunung'unika, likavuka ukumbi, likapitishwa ubavu kwenye mlango mpana wa nyuma, likafika uani. Na mara tu mgongo wake ulipoliacha dirisha, Mlekwa akasukuma mbao za dirisha zilizokuwa hazijafunguliwa tangu babu yake akiwa hai.

Mwanga ukaingia. Uliingia wote kwa pamoja, kama mgeni aliyechoka kungoja barazani. Bibi Kabula akasogea na mapacha, mmoja kila mkono, akasimama penye jua, akawatazama kwa muda mrefu.

"Ala! Huyu ana kidevu cha mume wangu," alisema. "Na huyu mwingine hana! Nani kasema wanafanana? Huyu wa kidevu ni nani?"

"Huyo ni Doto, bibi," Nyanzala alijibu akicheka na kulia.

"Doto! Kumbe umekuja na kidevu cha mzee na hukuniambia!"

Msabila akaenda kuinama amtazame mtoto. Kisha akatoka uani, akaomba msumeno, ili mbao za baba yake ziwalaze watu wa nyumba. Mihambo akampa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikata kabati mara ya kwanza, polepole, na harufu ya mninga ikajaa ua mzima. Baada ya hapo akamwachia fundi. Mihambo akatoa humo kitanda cha juu na chini kwa ajili ya mabinti, rafu ndefu za kupanda ukutani zilizobeba masufuria na makapu yote, kitanda cha bibi, na susu ya kuwalaza mapacha yenye ubavu laini kama sahani. Sahani za maua zikaanza kupakuliwa chakula. Bibi akahamia chumba cha mabinti pamoja na Nyanzala na watoto, mabinti wakapanda kitanda chao kwenye kona ya sebule nyuma ya pazia, na stoo ikawa chumba cha Mlekwa. Usiku wa kwanza kijana yule alilala mlango umefungwa, na alfajiri hakurukwa na mtu.

Nyumba ilikuwa ile ile. Hakuna hata tofali moja lililoongezwa. Lakini siku ya arobaini ya watoto, watu walikaa sebuleni wakaenea, wakaimba, wakacheza, na wazee wa Sikonge waliokuja kwa basi wakauliza Msabila kajenga lini. Bibi Kabula alikaa mpaka mapacha waliposhika shingo, halafu akasema atangoja watambae, halafu akasema atangoja waseme. Hakurudi Sikonge ila kwa kutembelea tu.

Naye Mihambo, na mdomo wake ule, alilichukua neno la Msabila akazunguka nalo mji. Kila alipoitwa na mtu anayelia kwamba nyumba inambana, alimsimulia habari ya kabati, kisha akamwuliza, "Na wewe, chako ni kipi humu?" Wapo waliomfukuza. Wengi walicheka wakakionyesha wenyewe. Neno likatoka majumbani likaingia sokoni, likaingia mikutanoni, likawa linaambiwa yeyote anayewataka wenzake wasogee naye kakaa pale pale.

Atakaye nafasi, wanangu, huanza na chake.