Vikapu Sitini vya Bi Nakiete

Jumatano, tarehe 16 Agosti 1961, Bi Nakiete, msukaji wa vikapu wa Soni, alifikisha vikapu sitini kwenye mabanda ya kuku ya Bwana Shekiondo, kama alivyoagizwa. Tajiri huyo alivitazama, akaguna.

"Sivitaki tena. Nimechongesha sanduku moja kubwa la mbao. Mayai yote yataenea humo. Kaviuze gulioni."

Kazi ya miezi miwili ilikuwa inapotea. Kando yao alisimama meneja wa benki, aliyekuja kuukagua mradi kabla ya kumwidhinishia tajiri mkopo.

"Hewala, Bwana," alijibu Nakiete kwa unyenyekevu. "Ila nakuomba elimu kidogo. Nasikia umebobea katika Kiingereza cha fedha. Hivi Waingereza husemaje kuhusu kujikinga na hasara?"

Shekiondo alikohoa, akamgeukia meneja, kisha akatamka kwa madaha: "Husema, mayai yako yote usiyatie katika kikapu kimoja!"

"Na katika sanduku moja je?"

"Hata katika san..." Tajiri alimtupia jicho meneja. Meneja alikuwa akilitazama sanduku, kalamu yake imesimama juu ya fomu.

"Mama, nilikuwa nakutania!" alicheka Shekiondo kwa taabu. "Shusha vikapu. Vyote sitini." Akalipa papo hapo, akaenda kuvipanga.

Meneja alimsogelea Nakiete. "Mama, msemo ule uliujua tangu lini?"

"Tangu tarehe 9, Bwana Meneja. Wewe ndiye uliyenifundisha, uliponinyima mkopo kwa kuwa mali yangu yote ni vikapu."